Cities: Skylines II: mpaka haukuondolewa, umehamishiwa mfukoni mwako

Nitoe hukumu yangu mapema, asiye na muda aende zake: Cities: Skylines II ni gemu nzuri ya kujenga jiji, na kwa upande wa barabara sijaona nyingine inayoifikia. Ila usiinunue kabla hujajua kompyuta yako ina nguvu kiasi gani, kwa sababu gemu yenyewe haitakuambia. Itakukaribisha, itakufungulia ardhi, utajenga kwa raha zako. Jiji likishakua na wewe ukishalipenda, hapo ndipo mashine itaanza kulemewa.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Karakana yangu iko ghorofani karibu na Luthuli Avenue, hapa katikati ya Nairobi. Nauza mashine za mezani zilizotumika kwenye ofisi za Uingereza zikaletwa huku, zile ambazo kila mtu anaziita ex-UK. Mteja akitaka ya gemu, namwongezea kadi ya grafiki, nambadilishia pawa saplai iweze kuibeba kadi hiyo, namsafishia feni, namwekea pesti mpya kwenye prosesa, anaenda. Wengi wanataka mpira na mashindano ya magari. Wa miji ni wachache, lakini ndio wanaokaa kitini muda mrefu kuliko wote, na ndio wanaobishana. Yupo kijana wa chuo anayesomea upangaji wa miji. Yupo mama mmoja mchoraji wa majengo, mtu wa kazi nzuri na mashine nzuri. Yupo dereva wa matatu ya Thika Road ambaye hupitia hapa saa za mchana barabara ikiwa imepoa. Wanachobishania ni kile kile kinachowagawa mashabiki wa gemu hii kwingineko: gemu ya kujenga jiji iwekewe mpaka au isiwekewe? Na ukiwekwa, uwe wapi?

Ubishi huu haukuanza na gemu hii. Machi 2013 studio ya Maxis, chini ya kampuni ya EA, ilitoa SimCity mpya, na kila jiji likapewa kiwanja cha kilomita mbili kwa mbili. Kilomita nne za mraba. Msitu wa Karura peke yake una zaidi ya hekta 1,000, yaani unameza viwanja viwili vya namna hiyo na kubakiza. Mtu alikuwa akijaza jiji lake pembe hadi pembe mapema tu, halafu hana pa kwenda isipokuwa kuanzisha jingine jirani. Juu ya hapo ilikulazimu uwe kwenye intaneti muda wote hata ukicheza peke yako, na gemu ilipotoka seva zikazidiwa, watu waliokwisha kulipa wakashindwa kuingia. Kuhusu udogo wa viwanja, Maxis walieleza kwamba kuvikuza kungezishinda kompyuta za wachezaji walio wengi. Oktoba mwaka huo wakasema wamejaribu, wameacha. Mashabiki waliwazomea sana.

Mimi hoja ile ya Maxis naiheshimu hadi leo, na najua walio nami ni wachache. Walimfikiria mtu mwenye mashine ya kawaida. Huyo ndiye mteja wangu. Kilichonikera kwenye SimCity ile ni kingine kabisa: idadi ya wakazi uliyoiona kwenye kioo haikuwa idadi ya watu waliokuwa wakiendeshwa ndani ya gemu. Mashabiki walichungulia msimbo wa gemu wakakuta kanuni iliyokuwa ikiivimbisha idadi kadiri jiji linavyokua. Na hao wachache waliokuwepo kweli hawakuwa na nyumba yao wala kazi yao. Asubuhi kila mmoja aliingia kwenye kazi ya kwanza aliyoikuta wazi, jioni akalala kwenye nyumba ya kwanza aliyoikuta tupu. Hapo mpaka ulifichwa nyuma ya takwimu isiyo ya kweli. Kiwanja kidogo ningekivumilia. Takwimu ile sikuweza.

Mwaka uliofuata SimCity iliwekewa njia ya kuchezwa bila intaneti, lakini imani ilikuwa imeshatoweka. Machi 2015 EA ikaifunga studio ya Maxis ya Emeryville, na siku chache baadaye, mwezi huo huo, kampuni ndogo ya Colossal Order kutoka Tampere, Ufini, ikatoa Cities: Skylines ya kwanza kupitia mchapishaji wake, Paradox Interactive. Walikuwa watu wasiofika ishirini. Soko lote wakalichukua.

Ile ya kwanza nayo ilikuwa na mipaka, tena mingi. Ramani ilikuwa na vigae, yaani vipande vya ardhi, 25 vya kuchagua, kila kimoja karibu kilomita mbili kwa mbili, na wewe uliruhusiwa kununua tisa. Jumla kama kilomita za mraba 36. Mbuga yetu ya Nairobi ina kilomita za mraba 117, kwa hiyo jiji lako zima halikufika hata theluthi ya mbuga. Haraka sana wakatokea watu wakatengeneza modi, yaani nyongeza za wachezaji wenyewe, za kufungua vigae vyote 25, kisha 81 ukihesabu na ardhi ya pembezoni. Ukuta wenyewe hasa haukuwa kwenye ardhi. Ulikuwa kwenye hesabu: magari yaliyoweza kuwa barabarani kwa wakati mmoja yalikuwa 16,384, na watu wanaotembea au kusafiri kwa wakati mmoja 65,536. Anayejua kompyuta anazitambua nambari hizo papo hapo, ni mbili kwa kipeo cha 14 na mbili kwa kipeo cha 16. Ukizifikia, gari jipya halitoki. Lori la taka linabaki yadi, gari la maiti linabaki yadi, na wewe unaona malalamiko yakipanda juu ya majumba usijue kwa nini.

Wengi walizilaani nambari zile. Mimi nilizipenda, na sababu ni hii. Mwenye mashine ya bei ya chini na mwenye mashine ya bei ya gari walikutana na ukuta ule ule. Watu waliuchunguza, wakauandika, wakatengeneza hadi modi ya kukuonyesha umebakiza kiasi gani. Na ulipoujua, ulianza kupanga jiji kwa akili. Kama magari ni 16,384 basi huwezi kumpa kila mkazi gari. Unatandika reli, kwa sababu treni moja yenye mamia ya abiria inachukua nafasi chache tu kwenye hesabu hiyo. Mpaka ule ulifundisha usafiri wa umma vizuri kuliko maelezo yoyote yaliyokuwemo kwenye gemu. Kijana wangu wa chuo alianza kuupenda usafiri wa reli hapo, aniamini mtu asiniamini.

Sasa tuje kwenye hii ya pili. Ilitoka tarehe 24 Oktoba 2023, kwa dola 50 kasoro senti, yaani zaidi ya shilingi 6,000. Vigae 441. Ardhi ya kujengwa kilomita za mraba 159. Bado si Nairobi, maana kaunti yetu ni kilomita za mraba 696, lakini ni mbali sana na zile 36. Na kuhusu watu na magari, watengenezaji walisema hawakuweka idadi ya juu kabisa. Mpaka pekee, walisema, ni vifaa vyako.

Mashabiki walishangilia kauli hiyo. Mimi niliposoma nikawaza meza yangu.

Kompyuta ya chini kabisa waliyoitaja ni yenye kadi ya GTX 970 na RAM ya GB 8. Waliyoipendekeza ni yenye RTX 3080 na GB 16. Kabla gemu haijatoka walipandisha viwango hivyo, wakakiri pia kwamba utendaji haujafika pale walipopalenga. Walifanya vyema kusema. Lakini angalia pengo lililopo kati ya kadi hizo mbili: ya kwanza ni ya 2014, ya pili ni ya 2020, na bei ya hiyo ya pili, hata ikiwa ya mtumba, inapita mashine nzima ninayomuuzia mwanafunzi. Katikati hapo ndipo karibu wateja wangu wote wanapoishi, na hakuna mstari hata mmoja unaowaambia wao watajenga jiji la watu wangapi.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Yule kijana aliniletea mashine yake akisema inaharibika. Ni ex-UK yenye prosesa ya i5 ya miaka kadhaa iliyopita, RAM GB 16, na kadi ya GTX 1660 Super ya mtumba. Si mashine mbaya. Alikuwa amejenga Thika Road, kuanzia Pangani hadi Githurai, njia nne kwenda na nne kurudi, na barabara za pembeni kila upande. Pale Roysambu alikuwa amepinda makutano kwa uangalifu mkubwa, kila njia ya kutokea ikiwa na urefu wake, na kituo cha basi kimewekwa chini ya daraja pale pale kinapotakiwa kuwa. Jiji lilikuwa limevuka watu laki moja. Picha kwenye kioo haikuwa mbaya, alikuwa ameshusha viwango vyote. Tatizo lilikuwa mwendo wa saa ya ndani ya gemu. Alibonyeza kasi ya juu kabisa, na malori yakaendelea kujikokota kwa mwendo wa kasi ya chini. Basi lilifika kituoni, likasimama, abiria wakapanda mmoja mmoja, na mimi nikapata nafasi ya kufungua ubavu wa mashine na kusoma vipimo vyote kabla basi halijaondoka. Kadi ya grafiki ilikuwa inapumzika. Prosesa ndiyo iliyokuwa imejaa, kila kiini chake asilimia mia, joto limevuka nyuzi 80, feni inapiga kelele hadi jirani wa duka la simu akachungulia.

"Fundi, niongezee RAM," akaniambia.

Nikamwambia, mdogo wangu, RAM haitakusaidia. Gemu inamhesabia kila mkazi wako safari yake, na wakazi wako wameizidi prosesa. Na kwa kuwa bodi za hizi mashine za ofisini hazikubali prosesa mpya zaidi ya zile za kizazi chake, huwezi kubadilisha prosesa peke yake. Utabadilisha bodi, na bodi mpya inataka RAM ya aina nyingine, na pawa saplai, na hata kasha. Kwa ufupi, unanunua kompyuta nyingine. Yule kijana alinyamaza. Mashine haikuwa imeharibika hata kidogo. Alikuwa amefika kwenye mpaka, ila mpaka huo haukuwa na kibao.

Hicho ndicho kiini cha lalamiko langu lote. Mtu akikuambia gemu haina mpaka, amekuambia tu kwamba mpaka utajitafutia mwenyewe na utaulipia mwenyewe. Kwa aliye na RTX 3080 na prosesa ya mwaka jana uko mbali. Kwa kijana wa chuo anayenunua stima ya tokeni uko hapa karibu, na ataugundua akishamaliza kulijenga jiji lake.

Dereva wa matatu alikuwepo siku hiyo, na alisema jambo ambalo nimelirudia kwa wateja wengi. Alisema matatu yake imeandikwa ubavuni idadi ya abiria. Tangu zile sheria za 2004 za waziri wa uchukuzi John Michuki, matatu ndogo ni watu 14, na kila anayesimama stejini anajua, abiria anajua, polisi anajua. Utaamua mwenyewe kama utabana wa kumi na tano, lakini hutasema hukujua. Ndivyo anavyotaka gemu imwambie: kwa mashine hii, wakazi kadhaa.

Mama mchoraji hakubaliani nasi, na hoja yake nzito. Anasema yeye amejinyima miaka, amenunua mashine ya maana, na hataki jiji lake likatwe kwa sababu ya mashine ya mtu mwingine. SimCity ilimfanyia hivyo hivyo na hajasahau. Nimemsikia akilieleza hilo kwa uchungu wa kweli, kwa sababu kazini kwake kila mchoro unapunguzwa na bajeti ya mtu fulani, na gemu ndiyo mahali pekee anapochora bila kupunguziwa. Namwelewa, mama huyu. Na simtaki apunguziwe. Ninachodai ni kwamba unapoanzisha ramani mpya, gemu iipime mashine yako kwa dakika moja kisha ikuonyeshe: hadi hapa utaenda kwa kasi kamili, hadi hapa kwa nusu, zaidi ya hapo shauri yako. Anayetaka kuvuka avuke. Hata kikomo cha hiari cha wakazi kingetosha, kitu unachokiweka mwenyewe mwanzoni na kukiondoa ukinunua mashine mpya. Jambo hilo linawezekana kabisa. Gemu nyingi za kawaida hupima kadi ya grafiki na kujichagulia viwango vya picha. Hii nayo ipime prosesa na kutaja watu.

Kuhusu yale ya picha sitakaa sana, yamesemwa mno. Gemu ilipotoka ilikuwa nzito kupita inavyostahili, na moja ya sababu ni kwamba vitu vingi vilichorwa kwa undani usioonekana, hadi raia kuwa na meno ndani ya midomo iliyofungwa, bila umbo jepesi la kuonyeshwa kwa mbali. Imerekebishwa kwa kiasi kikubwa tangu hapo. Machi 2024 wakauza nyongeza ya ufukweni, Beach Properties, wakati matatizo ya msingi hayajaisha. Watu walikasirika, na Aprili ikafanywa ya bure na walionunua wakarudishiwa pesa. Yamepita.

Nizungumzie barabara, kwa sababu hapo ndipo gemu hii imenishika. Chagua uendeshaji wa kushoto unapoanza, na Nairobi inaanza kukujia mikononi. Mzunguko unauweka juu ya makutano kwa kubonyeza mara moja. Barabara unaipandisha, unaishusha, unaipitisha juu ya nyingine bila ule ugomvi wa toleo la kwanza. Nimejenga Expressway yangu kutoka upande wa Mlolongo hadi Westlands juu ya barabara ya zamani, nguzo katikati, na nikaona jambo ambalo kila anayekaa Mombasa Road analijua: msongamano haukuisha, ulihamia pale magari yanapoteremkia. Gemu haikuambiwa hilo na mtu. Ilihesabu yenyewe.

Na inavyohesabu ni kwa busara. Kila mkazi anachagua njia kwa kupima mambo manne: muda, gharama, starehe na mwenendo wake mwenyewe. Vijana wanatazama zaidi bei, watu wazima wanatazama muda, wazee wanatazama starehe. Dereva wetu alipoonyeshwa hilo alivuta kiti karibu. Alitaka apandishe nauli ya basi aone nani atashuka kwanza. Akapandisha. Wanafunzi wakaanza kutembea kwa miguu, barabara ya pembeni ikajaa watu, na yeye akasema hao anawajua, huwapita kila mwezi tarehe 20 zikifika. Ndiyo maana nasema hesabu ya wakazi si pambo. Ukiipunguza kwa siri kama SimCity unaua kitu hiki. Ukiiachilia bila kumwambia mtu, unaiua mashine yake. Wakazi hawa ni wa thamani, basi tuambiwe tunaweza kuwa nao wangapi.

Kuna mpaka mwingine ambao mashabiki wa mbali hawausemi sana, nasi huku tunausema kila siku. Mabasi ya gemu hii yanaondoka kituoni hata yakiwa matupu. Hakuna gari dogo linalosubiri lijae, hakuna linalobadilisha njia mvua ikinyesha, hakuna nauli inayopanda jioni. Hakuna boda ya kukutoa stejini hadi mlangoni. Biashara inaota tu pale ulipopaka rangi ya biashara. Kibanda cha mboga hakijitokezi chenyewe kwenye kona yenye watu wengi, na Nairobi bila kona hizo ni mji wa watu wengine. Baiskeli zenyewe hazikuwemo gemu ilipotoka, mashabiki walizidai miaka. Kilichonifurahisha ni yale majengo ya mchanganyiko, duka chini na nyumba juu, ambayo toleo la kwanza halikuwa nayo kama eneo lake. Kwa hayo unaweza kujenga Eastleigh au Umoja ikafanana-fanana. Mafurushi ya kimaeneo ya bure yameletwa, Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Japani na mengineyo, nayo ni kazi safi. Afrika haimo. Toleo la kwanza lilipata furushi la Africa in Miniature na redio ya African Vibes, kwa hiyo wanajua tupo.

Ila mpaka huu wa pili siupigii kelele sawa na ule wa kwanza, kwa sababu unaonekana. Ninajua mapema kwamba hakuna matatu. Nikinunua, nimekubali.

Jambo moja linanipa moyo. Gemu ilipotoka, serikali ya ndani ya gemu ilikuwa ikikupa ruzuku kila ulipokwama, hata kufilisika kukawa kazi ngumu. Wachezaji wakalalamika kwamba hakuna uzito wa uamuzi wowote. Juni 2024 likaja sasisho la Economy 2.0: ruzuku ikaondolewa, na kila kigae cha ardhi unachokimiliki kikawekewa gharama ya matunzo. Kwa maneno mengine mipaka ilirudishwa, safari hii ikiwa wazi, kwenye kitabu cha bajeti ambapo unaiona na kuipangia. Gemu ikawa bora siku hiyo hiyo. Kijana wa chuo aliacha kununua ardhi asiyoihitaji, akaanza kujenga kwenda juu karibu na stesheni, na jiji lake jipya lina watu wachache kuliko lile la kwanza lakini linakwenda kwa kasi kamili kwenye mashine ile ile.

Novemba 2025 ilitangazwa kwamba Colossal Order na Paradox wanaachana, na kuanzia 2026 gemu iendelezwe na Iceflake Studios, nao pia wa Tampere. Kama kuna la kwanza ninalowaomba ni hicho kipimo cha mashine. Halafu ndiyo wafikirie kitu cha kubeba watu 14.

Kwa anayetaka kununua sasa akiwa na mashine ya hapa kwetu: prosesa kwanza, kadi baadaye. Ukiwa na i5 ya mtumba, panga jiji la watu 60,000 hadi 80,000 ulitengeneze vizuri, usilazimishe laki mbili. Cheza kwa ukubwa wa picha wa 1080p. Zima ule ukungu wa vitu vya mbali na miale ya mwanga inayopita hewani, shusha ule mpangilio wa Global Illumination, mambo ambayo watengenezaji wenyewe waliyashauri gemu ilipotoka. Tandika reli mapema. Iweke gemu kwenye SSD, ile diski ya kasi, maana inataka kama GB 60 na kwenye diski ya kawaida utasubiri mno. Nunua wakati wa punguzo, hutokea mara nyingi. Na kabla hujamlipa fundi yeyote akuongezee RAM, fungua dirisha la utendaji la kompyuta (Task Manager), acha jiji liendelee, utazame ni kipi kimejaa.